Kiti cha Fuad

Mume wangu Abdulghafur hana wivu. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka thelathini na minane, nikawaambia watu, na wako wanawake walionionea gere kwa hilo. Kwenye harusi moja kule Silver Spring, hapa Marekani, mjomba wa bwana harusi, mwanamume wa haja na kilemba chake, alinisifu macho mbele ya meza nzima, na Abdulghafur alichouliza ni kama pilau bado ipo. Garini nilimwambia kwamba mume mwengine angenuna. Akasema, "Macho yako ni mazuri, Mama Tasnim. Kwani amesema uongo?" Nikacheka, lakini roho haikuridhika. Mwanamke hupenda kuonewa wivu kidogo, angalau wa kuonja.

Basi mwaka huu nikauona wivu wa mume wangu, wote, haukupungua hata tone. Na haukuwa wangu. Ulikuwa wa Fuad.

Fuad ni fundi cherehani, mtu mzima kama sisi, amefiwa na mkewe, anaishi chumba kimoja Langley Park. Yeye na Abdulghafur walikua pamoja Kibokoni, Mombasa, enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, ya tajiri mmoja wa nguo, na Jumamosi tajiri huyo aliacha dirisha wazi watoto wachungulie. Abdulghafur alikuwa mrefu, paji lake lilifika kwenye nondo. Fuad alikuwa mfupi, alichokiona ni ukuta. Kwa hiyo mmoja alitazama na mwengine akasimuliwa.

Picha zenyewe zilikuwa za makauboi, na waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wawili waliolinda gari la farasi la posta. Stelingi alikuwa mrefu, mwenzake alikuwa na kidevu kikubwa, kwa hiyo watoto wakawaita Mrefu na Kidevu. Kiingereza hakuna aliyekijua, na sauti haikufika dirishani. Abdulghafur aliona wanaume wawili wanakula sufuria moja, wanalala kando ya moto mmoja, kila mmoja yuko tayari kupigwa risasi kwa ajili ya mwenziwe, hawana wake, wala kwao hakujulikani. Akafikiri kama anavyofikiri mtoto wa Kibokoni, akamwambia Fuad aliye chini ya dirisha, "Hawa wamenyonya ziwa moja." Na kile walichokunywa kwenye vile viglasi vidogo, cha hudhurungi, huku wakikunja nyuso, akasema ni chai ya rangi, haina sukari kwa kuwa sukari haijafika kwa meli. Fuad aliamini yote. Akawa ndiye anayemjibia Kidevu kutoka kule chini, na Abdulghafur akawa Mrefu.

Miaka kumi na moja iliyopita, hapa Adelphi, Abdulghafur alibandika antena dirishani akapata chaneli moja ya bure inayoonyesha picha zile zile kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Alimpigia simu Fuad huku sauti inamtetemeka, nikadhani kuna msiba. Tangu siku hiyo kuna makochi mawili sebuleni kwangu, ya mtu mmoja mmoja, tuliyoyanunua kwa jirani aliyekuwa anahama. La kushoto ni la mume wangu. La kulia ni la Fuad, na hata kama Fuad hayupo ni la Fuad.

Tena wakitazama, sauti huzimwa. Usidhani hawaelewi. Abdulghafur ameegesha magari ya mawakili katikati ya DC miaka ishirini na sita, na Fuad amebishana juu ya suruali na kila kabila ya mtu hapa mjini. Kiingereza wanakijua. Lakini nilipomuuliza mume wangu kwa nini anazima, alinijibu, "Wale wanasema mambo mengine." Basi anasimulia yeye, kama dirishani, na Fuad anajibu.

"Wewe, leo mbele hakupitiki," anasema Mrefu kwa sauti ya mume wangu.

"Tupite nyuma," anajibu Kidevu.

"Nyuma kuna mto."

"Mto si tuliuvuka mwaka jana, ukanilowesha tambi zangu?"

Hapo hucheka mpaka wakakohoa. Mimi niko jikoni, nasikia. Sauti ile ya mume wangu sijawahi kupewa mimi. Mimi napewa sauti ya dawa za kolesteroli na barua za ofisi ya nyumba. Kila Jumamosi nimekaanga mahamri na kupika kahawa, nimepeleka sinia, nimerudi jikoni, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyesema, "Kaa, Bi Time." Nilizichunguza picha zile kwa jicho la pembeni wakati wa kuweka sinia. Mke ndani yake ama anauawa kabla ya matangazo ya kwanza, ama anabaki mlangoni ameshika aproni, anatazama vumbi la farasi wawili. Aproni ninayo. Nilichokitaka ni kitu kimoja tu: nikae kwenye kochi lile la kulia, na mimi nisimuliwe.

Miaka miwili iliyopita presha ya macho ilimshika Fuad. Akaacha kushona, kisha akaacha kuendesha gari, sasa anaona mwanga na vivuli tu. Mume wangu alihuzunika, sisemi hakuhuzunika, lakini mimi niliyelala naye nilimjua. Fuad alimhitaji tena kama zamani chini ya dirisha. Alisimulia kila kitu, rangi ya farasi, kiraka cha shati, nzi aliyetua kwenye mkate. Sijamwona na furaha ile tangu Tasnim wetu azaliwe.

Ndipo akaja Zahir.

Zahir ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa DC, amestaafu ofisi za kaunti kule Upper Marlboro, na huko huko ndiko anakoishi. Kiswahili alikisoma chuo kikuu ujanani, na kimenyooka kama kimepigwa pasi. Alijuana na Fuad msikitini, na kwa kuwa mabasi ya University Boulevard yanazungushwa kwa ajili ya reli wanayoijenga, akajitolea kumleta kwa gari lake. Alipoingia aliniamkia shikamoo, na mvi zake zinazidi zangu. Nilimsamehe. Hata nikasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na ulimi wangu bado naulaumu.

Nilimpa kiti cha mezani, akakiweka upande wa pili wa Fuad. Picha ikaanza, Abdulghafur akaanza kusimulia. Zahir alisikiliza kwa adabu dakika tano hivi.

"Samahani, kaka," akasema. "Je, sauti imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi naomba tumfungulie Mzee Fuad. Haoni. Angalau asikie."

Ungeweza kumkatalia mtu kama huyo? Rimoti ilikuwa mezani, akaibonyeza mwenyewe. Kidevu akasema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye mtetemo kidogo kama mtu anayetaka kuimba.

"Huyo ndiye Kidevu?" Fuad akauliza.

"Ndiye," akajibu Zahir.

"Miaka yote hii. Kumbe ana sauti ya kitoto hivi." Na Fuad akainama mbele kuelekea televisheni, akamwacha mume wangu nyuma.

Zahir naye alizitazama picha zile utotoni, kwa babu yake. Kila kitu alikijua, na nyumbani kwake ana diski za picha hizo zote. Kidevu alikuwa mfungwa, Mrefu alimtoa gerezani akamwajiri kwa mshahara wa mwezi. Ziwa moja hakuna. Na viglasi vile ni vya wiski. Fuad alicheka mpaka machozi. "Ghafur, umeninywesha wiski miaka hamsini na kitu, nami nasema alhamdulillahi." Mume wangu alicheka pia. Lakini nilimwona akichukua hamri, akalitazama, akalirudisha sahanini.

Tangu siku hiyo nikawa nyumba moja na mke mwenza. Abdulghafur alianza kupiga pasi kanzu ya Jumamosi tangu Ijumaa. Alisoma kwenye simu majina ya waigizaji ili awahi kuyasema kabla ya Zahir, na Zahir akayasema kwanza, tena pamoja na miji waliyozaliwa. Alisema Kiswahili cha Zahir hakina chumvi. Alisema gari lake linanuka. Siku moja, tunakunja nguo, akaniuliza ghafla, "Huyu Zahir ana mke?"

"Anaye. Mwalimu."

"Basi mbona Jumamosi hakai naye?"

"Hilo," nikamwambia, "hata mimi ningependa kulijua." Hakunielewa. Aliendelea kukunja soksi zake.

Jumamosi ya nne aliitia rimoti mfukoni kabla wageni hawajafika. Picha ikaanza bila sauti. Zahir alishatambua. Aliyesema ni Fuad.

"Ghafur, fungua sauti nisikie."

"Nitakwambia mimi."

"Wewe unaniambia yako," Fuad akasema, kwa upole tu, kama anayeomba maji. "Leo nataka yao."

Nilikuwa nimesimama na sinia. Mume wangu akasema, "Yao iko Upper Marlboro. Si huyu anazo zote kwenye diski? Nendeni mkasikilize huko."

Fuad alidhani ni utani, akangoja. Alipoona si utani alisimama, akavitafuta viatu vyake kwa miguu. Zahir akamshika kiwiko, wakashuka ngazi. Abdulghafur hakuwatazama nyuso. Alikitazama kile kiwiko.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mlango ulipofungwa.

"Fuad ameomba sauti," nikamwambia. "Hajamla mtu."

Sasa niseme langu, kwa kuwa nikilificha nitakuwa nimewasengenya wanaume bure. Nilifurahi. Jumamosi iliyofuata nilikanda unga nusu, nikavaa dira mpya, nikajifukiza udi. Saa nane kamili nikatoka jikoni na vikombe viwili, nikakaa kwenye kochi la kulia. Lilikuwa limebonyea kwa umbo la Fuad, nikajipachika humo hivyo hivyo.

"Hapo ni pa Fuad," akasema mume wangu, bila kugeuza kichwa.

"Fuad yuko Upper Marlboro."

"Najua aliko."

"Basi kiti kiko wazi."

"Hakiko wazi."

Nikainuka. Nilikunywa kahawa yangu jikoni, nimesimama. Nilimpigia simu Tasnim, yuko Virginia na mumewe, nikamweleza. Akasema, "Mama, just sit. Ni kiti tu." Mtoto aliyezaliwa hapa hawezi kujua kiti ni nini.

Alhamisi yake simu yangu ililia, akawa Fuad. Abdulghafur alikuwa hapokei simu zake. Nilimwona kila siku akilitazama jina likiwaka kwenye kioo mpaka linazimika, kisha anakwenda kutawadha.

"Shemeji," Fuad akasema, "Ghafur bado ana hasira? Jumamosi nikitafuta lifti nije peke yangu, bila Zahir, atanifungulia?"

Alikuwa ameomba sauti ya saa mbili, masikini, hakuomba talaka. Ningesema, "Njoo," yangekwisha. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikasikia nasema, "Jumamosi hayupo, Fuad. Anakwenda kwa Tasnim kukaa na mjukuu. Kila Jumamosi siku hizi."

Fuad akasema, "Allah amkuzie mjukuu. Nisalimie."

Salamu ni amana. Hilo nimefundishwa kabla sijajua kusoma: ukipewa salamu za mtu hulali nazo, unazifikisha, na usipozifikisha utaulizwa. Nimebeba salamu za watu kutoka Mombasa mpaka hapa, za vikongwe nisiowajua majina, na zote nimezifikisha. Hizi za Fuad nilizikalia. Mume wangu alikuwa chumba cha pili, hatua kumi na mbili.

Jumamosi ya pili hakuwasha televisheni. Alikaa kwenye kochi lake akatazama kioo cheusi, nikamsikia anaguna kama mtu anayebishana. Chakula alikula kwa kunifurahisha. Watu wa msikitini waliniuliza kama anaumwa. Mimi nikajiambia ni homa, itashuka. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikajiambia, na hawa hawakuzaliwa pamoja, wala ziwa moja hawakunyonya.

Jumamosi ya tatu, robo saa kabla ya saa nane, aliniita.

"Mama Tasnim. Njoo ukae."

Nilikuja na aproni yangu. Akanionyesha kochi la kulia kwa kidole. Nikakaa, moyo unanidunda, mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Akawasha, akazima sauti, akaanza.

Sitaweza kuisimulia kama alivyoisimulia. Alinionyesha vumbi kabla halijafika. Alinambia farasi wa Mrefu ana jino bovu ndiyo maana anavuta upande, na kweli nikamwona anavuta. Yule mwanamke wa hotelini alimpa jina, Bi Mwanaidi, akampa na mume baharini, nikamhurumia. Nilisahau kazi zote. Nikaelewa kwa nini mtoto mfupi alisimama juani chini ya dirisha anatazama ukuta. Na nikamwonea Fuad kijicho kuliko siku zote, kwa kuwa sasa nilijua alichokuwa akipewa.

Wawili wale wakafika penye njia panda, ile isiyokosekana kila Jumamosi. Abdulghafur akainua mkono.

"Mwenzangu," akasema kwa sauti ya Mrefu, "kushoto kuna majambazi sita. Kulia kuna jua na hakuna kisima. Unasemaje?"

Kisha akanyamaza. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, sikio mbele, anangoja. Ndipo nikafahamu kwamba pale kuna jibu, na jibu ni langu.

"Waambie warudi nyumbani," nikasema. "Kwa wake zao."

Alinitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mtu aliyekosea mlango.

"Hawana wake," akasema. Akajaribu tena. "Sema kama Kidevu. Chochote."

Nilifikiri kweli. Nilitafuta. Miaka kumi na moja nimesikiliza kutoka jikoni, nikadhani nimeyahifadhi yote, na halikuja hata moja. Kwenye kioo farasi walikuwa wameshaondoka njia panda, wameingia kulia. Abdulghafur hakuwasimulia tena. Mkono wake uliobaki hewani aliushusha taratibu, akauweka gotini, akaufunika kwa mkono wa pili.

Nikaenda jikoni, nikachukua simu.

"Fuad," nikasema. "Nilikudanganya. Hajaenda popote. Yuko hapa kila Jumamosi, na salamu zako sikumpa."

Nilitegemea aulize kwa nini, nilikuwa tayari kumwambia.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa nane na nusu."

"Basi wameshapita njia panda. Mpe simu, Bi Time."

Nilirudi sebuleni, nikamnyooshea mume wangu simu. "Fuad anakusalimu," nikasema. Hakuuliza tangu lini. Aliichukua kwa mikono miwili, akaibana sikioni, na hakusema hata salamu aleikum.

"Wameingia kulia," akasema. "Jua kali. Kidevu amevua kofia, anajipepea."

Sauti ya Fuad ilitoka nyembamba ndani ya simu, ikasema jambo juu ya kofia na tambi, na mume wangu akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Wiki tatu sikuwa nimekisikia kicheko kile. Nikakaa tena kwenye kochi la kulia ili nisikie vizuri, na safari hii hakunambia ni pa nani. Akasimulia, akanyamaza, akajibiwa, akasimulia. Kisha Fuad akamuuliza jambo, nami nililisikia, maana mikono ya makochi yale inagusana na kichwa changu kilikuwa karibu na chake.

"Uko na nani hapo?"

Abdulghafur hakuyatoa macho kwenye kioo.

"Niko peke yangu," akasema. "Sema upesi, farasi wanakuja."